Mti na Mdomo

Mparachichi ndio mti wa kwanza kukataliwa. Anayepanga kujenga banda la ndege uani kwake, hasa kama anaishi Lushoto, Njombe au Murang'a ambako mti huo umezoeleka, atautaka: kivuli chake kizito, majani yake mapana, na haukawii kukua. Fundi wa mabanda atasema hapana. Atalikataa hata tawi la jirani linalovuka ukuta na kudondosha majani juu ya wavu. Majani, gome, kokwa na nyama ya tunda vyote vina persini, sumu inayoshambulia msuli wa moyo. Kanari au kasuku mdogo akila kiasi cha kumdhuru hujikunyata, manyoya yakamsimama, akaanza kuhema kwa shida huku maji yakijaa kuzunguka moyo na mapafu, na mara nyingi haimalizi siku ya pili. Madaktari wa mifugo wa Marekani waliandika habari za sumu hiyo kwa ndege wa kufugwa mwaka 1989, na mwaka 1995 watafiti wa Australia wakaitenga sumu yenyewe kutoka kwenye majani.

Ubishi anaokutana nao fundi ni huu: "Mbona kuku wangu wanashinda chini ya mparachichi?" Ni kweli, wanashinda, wakidonoa yaliyoanguka, na jioni wanarudi bandani wazima. Kuku na bata mzinga huistahimili persini kuliko kasuku na kanari. Mwenye kuku anasema kweli, na fundi naye anasema kweli, na katikati ya kweli hizo mbili ndipo ufundi huu unapokaa. Orodha ya mimea isiyo na madhara inaweza kuandikwa ukutani, ikasomwa na yeyote. Kinachohitaji miaka ni kujua kwamba mmea huwa salama kwa ndege fulani, mwenye mdomo fulani, katika banda la ukubwa fulani, na kwamba ukibadilisha kimoja kati ya hivyo umebadilisha jibu.

Nimeutazama ufundi huu zaidi kwa mfugaji mmoja mzee wa pwani, ambaye watu humwendea kuomba ushauri wa miche. Wanakuja na haraka, kwa kuwa banda limekwisha kusimama na waya unang'aa.

"Shikamoo mzee. Nimekuja unichagulie miche ya bandani."

"Marahaba, mwanangu. Ndege gani?"

"Bado sijawanunua."

"Sasa nikuchagulie miche ya nani?"

Swali lake ndilo mlango wa kazi yote. Shorewanda humeza tunda dogo zima, nyama ikasagika tumboni na mbegu ikatoka nzima kama ilivyoingia. Kasuku nyama huitupa. Mbegu ndiyo anayoitaka, huigeuza kwa ulimi mpaka aupate mshono, kisha huipasua. Chiriku humenya ganda ukingoni mwa mdomo na kula kiini. Chozi hana habari na mbegu kabisa, hutia mdomo wake mrefu ndani ya ua akanywa utamu wake. Sasa chukua mturituri, ule mtambaazi wa vichakani wenye mbegu nyekundu za doa jeusi ambazo watu huzitunga shanga. Ganda lake ni gumu, na mbegu iliyomezwa nzima yaweza kupita bila kuacha madhara. Lakini ndani mna abrini, moja ya sumu kali kuliko zote zitokanazo na mimea, na mdomo wa kasuku umeumbwa kwa kazi ileile ya kupasua magumu. Au chukua mwamba ngoma. Unapochanua, matawi yakiwa hayana jani hata moja, chozi hawaondoki kwenye maua yake mekundu kuanzia alfajiri. Mbegu zake, nazo nyekundu, zina alkaloidi zinazolegeza misuli. Bandani mwa chozi mti huo ni wa kukaribishwa. Bandani mwa kasuku hauingii, hata ukichanua vizuri namna gani.

Wapo wanaouliza kwa nini porini ndege wamezungukwa na sumu na bado wanaishi. Porini ndege huonja na kuondoka. Ana miti mia ya kuchagua na kundi la wakubwa wa kuwafuata. Wengine wana hata dawa yao. Kasuku wa misitu ya Amazon nchini Peru hula mbegu zenye sumu, kisha huteremka kwenye kingo za mito kula udongo wa mfinyanzi. Mwaka 1999 James Gilardi na wenzake walionyesha kwamba udongo huo huishika sumu tumboni, kiasi kinachoingia damuni kikapungua kwa zaidi ya nusu. Bandani hakuna ukingo wa mto. Kuna asubuhi ndefu na mdomo unaotaka kazi, na ndege hutafuna jani ambalo porini angelipita bila kuligusa. Kwa hiyo mwenye banda ameichukua ile hadhari ambayo ndege angekuwa nayo mwenyewe. Mimi naona huo ni wajibu mzito, na hauna likizo.

Mimea ya kukataliwa kwa kila ndege haihitaji maneno mengi. Oleanda, pamoja na ndugu yake wa maua ya manjano anayepandwa kwenye nyua za mahoteli na shule, huuchanganya moyo mapigo. Mnyonyo, ambao tunakamua mafuta ya nyonyo kutoka mbegu zake, una risini. Mbono kaburi haufai, wala mnyaa, ambao utomvu wake mweupe ukimwingia mtu jichoni unaweza kumpofusha. Mwaka 1992 jarida la madaktari wa mifugo la Marekani lilichapisha majaribio mawili, moja kwa kanari na jingine kwa kasuku wadogo wa Australia, ambamo mmea mmoja mmoja ulipimwa kwa ndege wenyewe. Oleanda ilikuwa kati ya iliyoua. Ni majaribio yanayouma kuyasoma, na ndiyo maana yanafaa kukumbukwa, kwa sababu ndege wale wamekwisha kulipa gharama ya kujua.

Muhogo unastahili neno zaidi, kwa kuwa uko karibu na kila jiko. Kisamvu tunakitwanga, tunakichemsha muda mrefu, ndipo tunakiunga kwa nazi. Kule kutwanga na kuchemsha ndiko kunakoondoa sianidi. Ndege hula jani bichi. Nimeona watu waangalifu kabisa wakikwama hapa, wakisema kinacholiwa na watoto nyumbani hakiwezi kumdhuru ndege. Chakula cha binadamu kimepitia moto na kinu, na mara nyingi usalama wake umetoka huko.

Upande wa kukubali ndio unaonishika zaidi, maana hapo fundi ameacha kuhesabu hatari na anaanza kufikiri ndege atafanya nini siku nzima. Chukua mnana. Anayemfuga bila kumpandia nyasi ndefu amemnyima kazi aliyozaliwa nayo. Dume hutua kwenye jani la mabingobingo au la mnazi, akaling'ata ukingoni karibu na shina, kisha akaruka, na ukanda mwembamba ukachanika kumfuata. Huo ndio uzi wake. Nicholas na Elsie Collias, mume na mke waliowachunguza mnana kwa miaka mingi katika mabanda ya Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, waliona kwamba jike hupenda kiota kilicho kibichi bado. Kikikauka na kugeuka rangi ya kahawia hakitaki tena, na dume hukibomoa na kuanza kingine palepale. Waliona pia kwamba madume machanga yaliyolelewa bila majani mabichi ya kuchezea hayakuweza kusuka sawasawa yalipopewa majani hayo baadaye, mpaka yajizoeze. Kusuka kwa mnana kunahitaji mazoezi ya utotoni, na mazoezi hayo hupatikana kwenye nyasi alizopanda mtu.

Fundi anayelijua hilo hapandi mabingobingo fungu moja. Huyapanda mafungu matatu au manne na kuyakata kwa zamu, ili msimu wote wa kuzaliana pawe na majani ya umri unaofaa: jani changa mno hukatika njiani, jani zee halichaniki kwa unyoofu. Nikitazama zamu hiyo ya kukata ninapata furaha ambayo ni vigumu kuieleza. Hapo kuna mtu aliyetazama mdomo wa ndege kwa muda mrefu kiasi cha kujua unahitaji jani la wiki ngapi. Mnazi nao una nafasi yake, ingawa ni vyema kuwa nje ya banda na kuingiza makuti mabichi yaliyokatwa, kwa sababu mnana wakiwa wengi huacha mti umebaki vijiti vya katikati tu, kama inavyoonekana kwenye minazi iliyobeba makoloni yao.

Kasuku wadogo wa Fischer, wale wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa, ambao kwao ni savana za kusini mwa Ziwa Viktoria, wana desturi nyingine. Jike huchana maganda na majani kuwa kanda ndefu, akazibeba kwa mdomo mpaka tunduni. Binamu yao wa Namibia na Angola, mwenye uso wa waridi, huzichomeka kanda zake katikati ya manyoya ya mgongoni na kuruka nazo hivyo. William Dilger wa Chuo Kikuu cha Cornell aliwazalisha pamoja, na mwaka 1962 akaeleza jinsi watoto wao walivyohangaika: walijaribu kuchomeka, kanda zikaanguka, wakajaribu tena, na ilichukua takriban miaka mitatu kabla hawajatulia kwenye kubeba kwa mdomo. Kwa mpanda miche habari hiyo ina maana moja ya vitendo, kwamba haja ya kuchana imo ndani ya damu yao na haitaondoka kwa kuwekewa kiota cha tayari. Kasuku hawa walinaswa kwa wingi mno kaskazini mwa Tanzania kwa ajili ya soko la nje, hasa miaka ya 1980. Umoja wa Ulaya uliacha kupokea ndege wa porini mwaka 2007, na Tanzania ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Kwa hiyo wengi walio mabandani Ulaya leo wamezaliwa kifungoni, na wazazi wao vilevile, na bado jike akipata ganda bichi hulichana kama bibi zake wa Serengeti.

Kwa ndege wa namna hii mti wa kudumu ndani ya banda ni ndoto. Watauchuna mpaka ufe. Fundi huupanda nje, karibu na wavu, matawi yakapenya yenyewe: kinachoingia hutafunwa, kilichobaki nje huchipua upya, na shina halifikiwi. Mpera ndio ninaoupenda kwa kazi hii. Gome lake ni laini, hauna miba, na mti wake mgumu haumalizwi mapema. Tena matawi yake yana unene tofauti tofauti, jambo ambalo mguu wa ndege unalihitaji. Ndege anayetua siku zote kwenye fito moja ya duara huota vidonda chini ya nyayo, kwa kuwa uzito wake hukandamiza sehemu ileile kila siku. Ukimkatia mpera na kuufunga kama ulivyo, pamoja na majani yake, umempa pa kusimama, pa kutafuna na pa kujificha kwa kazi ya dakika chache. Mvinje nao hufaa, na mlonge, ambao ukikatwa hurudi upesi kuliko mdomo unavyoweza kuumaliza.

Ndege wadogo wala mbegu hawauharibu mti, na hapo ndipo bustani ya ndani huwezekana. Wanataka kona zenye msongamano wa kuwekea viota, na mianzi huwapa hilo. Wanataka mbegu mbichi zikiwa bado na maziwa, kwa hiyo ulezi, uwele na mtama hupandwa kidogo kidogo, kila baada ya wiki chache, ndani ya trei zilizofunikwa kwa wavu mpana: ncha za majani hupenya na kudonolewa, mizizi hubaki. Wanataka pia kuoga. Wengi hawapendi beseni. Husubiri umande au mvua ilowanishe majani, kisha hujisugua juu yake mpaka wamelowa. Jani la mgomba lililonyeshewa ndilo bafu lao, na ua la mgomba huwaita chozi. Sijaona mmea mwingine unaotoa vingi namna hiyo kwa shida ndogo kiasi hicho. Choya huongeza maua na majani ya kuliwa. Nyasi za kukataa ni zile zinazonata nguoni, zenye vishikizo vidogo kwenye suke, kwa sababu ndege mdogo akijiviringisha ndani yake hukwama, na kadiri anavyopapatika ndivyo zinavyomshika.

Jambo ambalo wageni wa kazi hii hulikosa ni wadudu. Ndege wengi tunaowaita wala mbegu huwalisha makinda wao wadudu laini siku za mwanzo, na banda lisilo na wadudu laweza kuwa na mayai mengi na makinda wachache. Yule mzee akiona vidukari kwenye vichipukizi vya choya hafurahii kwa sauti, lakini husogeza chungu hicho karibu na viota. Kinachomfanya mtunza bustani wa kawaida akimbilie bomba la dawa ndicho yeye anachokipanda.

Pilipili kichaa nayo ina nafasi. Ndege hawausikii ukali wake. Mwaka 2001 Joshua Tewksbury na Gary Nabhan walionyesha katika jarida la Nature kwamba pilipili ya porini kule Arizona huliwa na ndege, wanaozisambaza mbegu zake nzima, huku panya wakiiepuka. Mwaka uliofuata Sven-Eric Jordt na David Julius wakaeleza kwamba kipokezi cha neva kinachoungua kwa mamalia, kwa kuku hakiitikii. Kwa hiyo kichaka cha pilipili bandani ni chakula chenye rangi na vitamini ambacho panya hawakigombei. Wanaofuga kasuku hulijua hilo kwa macho: tunda lililoiva halilali.

Sasa mche wenyewe unatoka wapi? Hapa ndipo subira ya fundi inapopimwa. Mche ulio kwenye kiriba barabarani, unaong'aa, usio na jani lililoliwa, unaweza kuwa umenyweshwa dawa inayopanda mpaka kwenye ua na mbegu. Imidaklopridi ni ya aina hiyo, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mashambani mwaka 2018. Mwaka 2013 shirika la American Bird Conservancy lilieleza kwamba punje moja ya mahindi iliyopakwa dawa za kundi hilo yatosha kumuua ndege mdogo. Punje za rangi nyekundu au bluu kutoka duka la pembejeo ni za kupanda shambani, na haziingii bandani hata kama mbegu. Mche ulionunuliwa huoshwa, udongo wake hutolewa wote, hupandwa kwenye udongo wa nyumbani na kukaa pembeni miezi kadhaa, ukatoe majani mapya huku ya zamani yakipukutika. Yule mzee hupendelea vipandikizi anavyovikata mwenyewe kwa watu anaowajua, kwa kuwa anaweza kuuliza mti ule ulipigwa nini na lini. Mteja mwenye haraka huona ni ukaidi. Mimi, kila nikimtazama anavyouliza, naona heshima kwa kiumbe ambacho hakiwezi kuuliza.

Wakati mche unasubiri, banda nalo linasubiri. Waya mpya wa mabati una vumbi na matone ya zinki, na kasuku anayepanda kwa mdomo huyameza, akapata ugonjwa ambao wafugaji wameuita kwa muda mrefu ugonjwa wa waya mpya. Wavu husuguliwa kwa brashi na siki, ukaoshwa, ukaachwa unyeshewe. Miche hupandwa mwanzoni mwa masika, na ndege huingizwa mizizi ikiwa imeshika, baada ya mvua kwisha, kwa maana kundi likiingia siku ya kupanda, jioni hakuna bustani. Pwani upepo nao hupangiwa. Kusi huvuma kwa nguvu kuanzia Aprili, na mvinje upande wa kusini, nje ya wavu, huuvunja kasi kabla haujawafikia makinda. Kaskazi huja na jua kali, na upande huo hutakiwa kivuli kisicho kizito, kipitishe hewa, kwa sababu majani yanayooza mahali pasipo hewa huotesha ukungu, na mapafu ya ndege hayauvumilii. Chini kando ya wavu pande zote fundi huacha ukanda mtupu, mbali na mashina ya miti, hakuna hata ukoka, ili nyoka asipate pa kujibanza na siafu waonekane mapema. Bustani iliyosongamana hadi kwenye waya hupendeza machoni pa mgeni. Ni ya hatari.

Ukubwa hubadili hesabu hizi. Pale Jurong, Singapore, mbuga ya ndege iliyofunguliwa mwaka 1971 ilikuwa na banda la kutembea ndani lenye ukubwa wa hekta 2 na maporomoko ya maji ya mita 30, na ndani yake miti ilikua kama msituni, kwa kuwa midomo iligawanyika kwenye matawi mengi. Mbuga ile ilifungwa mwaka 2023 na ndege wakahamishiwa Mandai. Banda la uani lenye hatua sita kwa tatu halina rehema hiyo. Kila jani litaonjwa, na kila kosa la kuchagua litakutwa na mdomo mapema. Ndiyo sababu ninawastahi zaidi wanaofanya kazi hii mahali padogo. Wanaijua historia ya kila mche waliouweka, na ukiwauliza watakuambia umetoka kwa nani na ndege gani wameshauonja.

Hata hivyo si kila mmea wa bandani huchaguliwa na mwenye banda. Ndege wa nje hupenda kutua juu ya wavu, wakavutwa na sauti za walio ndani na matunda, na wakitua huacha mbegu. Mvua ikinyesha, chini ya mahali walipozoea kutua huota vitu ambavyo hakuna aliyevipanda. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kubadilisha maji, mzee hupita polepole akiwa ameinama, akitafuta majani mawili ya kwanza. Mengi anayajua yakiwa bado hayajafunguka vizuri. Mkuyu au mzambarau huung'oa na kuuhamishia nje, kwa kuwa utafaa kwa mtu mwingine mwenye nafasi. Mnyonyo huung'oa na mzizi wake na kuutupa mbali. Ule asioujua haupi muda wa kukua ndani hata siku moja; huutoa na bonge lake la udongo, akauweka kwenye kiriba nje ya ukanda mtupu, na kuumwagilia pamoja na miche mingine inayosubiri. Kuna viriba vyake vilivyokaa hapo zaidi ya mwaka, vikingoja vitoe ua ili vijulikane ni mti gani, ndipo utafutiwe ndege wake.